Mishale Mitatu

Umeme ulikatika saa nane mchana, Kitangari,
nikiwa mstari wa arobaini na moja.
Yote niliyoyaandika papo kwa papo,
mstari mmoja, jibu moja,
kama mtu abanguaye korosho kwa mkono,
yakaondoka na mwanga.
Kioo kikawa cheusi. Nikajiona ndani yake
mdomo wazi.

Somoe hakucheka. Alikuwa akishona gunia lililopasuka.
"Unaongea na hiyo mashine kama unaongea na mlevi," akasema.
"Jioni mnaelewana, asubuhi hakujui.
Andika kwenye faili. Halafu mwambie alisome."

Basi nikaandika.
Kilo, daraja, unyevu,
bei ya mnada wa Ijumaa,
makato ya salfa ya Juni,
makato ya magunia, makato ya chama,
na mengine ambayo sikuuliza ni ya nini.
Nikahifadhi. Nikarudi kwenye ile mishale mitatu
iliyokodoa macho kushoto mwa kioo

>>>

haisemi kitu, inangoja tu,
nikaitajia jina la faili.

Salaale!
Majina mia mbili na kumi na sita yakamwagika,
Nandonde, Mchopa, Likwata, Bi Asumini wa Mnyambe,
kila mmoja na shilingi zake ubavuni
kabla sijameza mate.
Usiku ule nililala kama niliyelipwa mimi.

Asubuhi Bi Asumini kaja,
stakabadhi ndani ya mfuko wa sukari, imekunjwa mara nne.
"Salfa mimi sikuchukua mwaka huu.
Mikorosho yangu ilinyauka, nikaifanya kuni.
Kuni nazo zinapuliziwa dawa?"

Nikafungua faili. Nikaona kosa langu:
niliwakata wote, waliokopa na wasiokopa,
kwa mkasi mmoja.
Nikarekebisha. Nikahifadhi. Nikaita jina lile lile.

>>>

Kimya.
Nikaita tena, nikibonyeza kwa nguvu,
kana kwamba mashine ina sikio upande wa vidole.

>>>

Ilichukua nusu saa na chai iliyopoa
kunifahamisha: faili ilikwisha kulisoma jana,
na kwake kilichosomwa kimesomwa.
Mimi nimefuta, nimeandika upya,
yenyewe bado inatafuna la jana, imeshiba, haigeuzi shingo.

Hapo nikamkumbuka katibu, Bwana Nangololo.
Orodha ya wadeni aliisoma Juni, kikaoni, amesimama.
Tangu hapo ukimpelekea karatasi anasema
"Hiyo tumeshaipitisha,"
na kalamu yake inarudi mfukoni.

Mashine ina dawa mbili.
Unaiambia neno lake, soma upya toka mwanzo, inasoma,
haina kinyongo wala haiulizi nani kakutuma.
Ikikaidi, unaizima,
inaamka haikumbuki hata jina lako.
Nikaiambia. Ikasoma.
Elfu arobaini na sita zikarudi
mbele ya jina la Asumini, kimya kimya,
kama mbuzi aliyejua njia ya zizi.

Nikachapisha. Wino ulikuwa unaisha,
sifuri za mwisho zilionekana kwa kubahatisha.
Mlango wa katibu ulikuwa umerudishiwa.
"Na yule," Somoe akanong'ona, "utamzima vipi?"

Bi Asumini alikuwa bado anakitazama kioo.
"Hivyo vishale vinaelekea wapi?"
"Kulia, bibi."
"Kulia machozi," akauliza, "au kulia ugali?"

Sikuwa na jibu la kuandika.
Nikamvutia kiti,
nikachukua karatasi,
nikaenda kubisha hodi.